Nahodha Hutenga, Hahukumu: Yampatayo Abiria Mkorofi Katika Meli za Watalii

Baada ya sala ya Isha, siku ambayo meli kubwa ya watalii ilikuwa imefunga gati Unguja, mzee mmoja wa msikiti wetu, aliyeumaliza ujana wake katika majahazi, alituita barazani. Alikuwa ameitazama meli ile tangu asubuhi. "Katibu," alisema, "katika jahazi tulikuwa watu kumi na wawili, na neno la nahodha lilikuwa la mwisho. Ule ni mji mzima unaoelea, una ulevi na kamari ndani yake. Mtu akimpiga mwenziwe usiku wa manane, nchi kavu haionekani, anapelekwa kituo gani cha polisi?"

Hatukuwa na jibu, tukaomba muda. Tuliyoyapata tunayaweka hapa kwa faida ya wasomaji wote, maana swali la mzee linagusa nyumba nyingi. Wapo ndugu zetu wa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba wanaopanda meli hizi na watoto wao wakati wa likizo. Wapo pia vijana wa pwani wanaotafuta ajira ndani yake, ambao watalazimika kukabiliana na abiria wa kila tabia.

Jibu la kwanza ni kwamba kituo cha polisi hakipo. Lipo neno la nahodha, kama katika jahazi la mzee, na neno hilo lina nguvu kubwa. Lakini tulipochunguza tuliona kuwa nguvu hiyo ni ya namna moja, nayo ni nguvu ya kutenga. Nahodha humtenga mlevi na pombe, humtenga mgomvi na wenziwe, na aliyeshindikana humtenga na meli yenyewe. Kumtia mtu hatiani na kumfunga kifungo si kazi yake. Hiyo ni kazi ya mahakama za nchi kavu. Baina ya kutengwa baharini na kuhukumiwa nchi kavu pana mwanya, na katika mwanya huo haki za watu hupotea.

Mji usio na polisi

Meli ya Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyoanza safari zake Januari 2024, inaweza kuchukua abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Hao ni watu karibu 10,000 katika chombo kimoja chenye sitaha 20. Wanakula mahali pamoja, wanapishana katika ngazi zile zile, wanalala wakitenganishwa na kuta nyembamba, na hakuna awezaye kufungua mlango akaenda zake akiudhiwa.

Kwa sababu hiyo kosa la mtu mmoja melini haliwi la mtu mmoja. Wasomaji wetu wanaujua mfano wa watu wa chomboni, wale wa chini waliotaka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Tundu la zama zetu laweza kuwa kipisi cha sigara. Mnamo Machi 2006, meli ya Star Princess ikielekea Montego Bay, Jamaica, moto ulizuka katika roshani za vyumba vya abiria. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walihitimisha kuwa yumkini chanzo chake kilikuwa sigara iliyotupwa bila ya kuzimwa. Abiria mmoja alifariki kwa moshi na vyumba vingi viliteketea. Tangu hapo mtu anayevuta sigara chumbani au katika roshani yake hachukuliwi kuwa mkaidi mdogo wa kuonewa haya. Kampuni ya Carnival humtoza faini ya dola 500 na yaweza kumshusha bandari inayofuata.

Wanaosimamia nidhamu ni maafisa wa usalama walioajiriwa na kampuni, wengi wao wakiwa askari wa zamani wa majeshi au polisi wa nchi zao. Kamera zimetundikwa katika korido, ngazi, mabwawa ya kuogelea na kumbi za burudani. Mkuu wa usalama hupeleka taarifa kwa nahodha msaidizi, ambaye katika meli nyingi ndiye mshika nidhamu, naye humfikishia nahodha mkuu yale yanayohitaji uamuzi mzito. Msomaji azingatie jambo moja: watu hawa, pamoja na ujuzi wao, si polisi. Mshahara wao unatoka kwa kampuni ile ile iliyouza tiketi na inayouza pombe.

Tiketi ambayo hatuisomi

Nguvu ya nahodha juu ya abiria ina mizizi miwili. Mmoja ni sheria ya bahari, inayomfanya kuwa mwenye dhamana ya usalama wa chombo na wa roho zote zilizomo. Mwingine ni tiketi. Anayenunua safari huwa ameingia katika mkataba mrefu ambao aghalabu huukubali kwa kubonyeza kitufe, asisome hata kifungu kimoja.

Katika mikataba ya kampuni kubwa, abiria hukubali kuwa mizigo yake na chumba chake vyaweza kupekuliwa. Hukubali kuwa nahodha akiona mwenendo wake ni wa hatari au wa kuudhi wengine, anaweza kumkatalia asipande, kumfungia chumbani, au kumshusha katika bandari yoyote. Hukubali kuwa akishushwa hatarudishiwa fedha ya siku zilizobaki, na kwamba nauli ya kurudi kwao, hoteli na chakula ni juu yake. Hukubali pia kulipia alichokiharibu.

Wengi hudhani kuwa mteja aliyelipa pesa nyingi ni mfalme. Mkataba huo unasema vingine. Mteja ni mgeni aliyepewa idhini ya kukaa, na idhini hiyo hutolewa kwa sharti.

Ngazi kwa ngazi

Abiria mkorofi hasukumwi baharini wala hafungwi minyororo siku ya kwanza. Meli inataka amani, na inataka pia abiria arudi mwaka ujao. Kwa hiyo huanza kwa upole.

Hatua ya kwanza ni mazungumzo. Majirani wakilalamika kuwa chumba fulani kinapiga kelele usiku, afisa wa usalama hugonga mlango, hueleza kanuni, na tukio huandikwa. Akirudia, hupewa onyo rasmi, pengine mbele ya nahodha msaidizi, na huelezwa kuwa linalofuata ni kushushwa.

Hatua ya pili hugusa kadi. Katika meli hizi abiria hatumii fedha taslimu. Ana kadi moja inayofungua chumba chake, inayomtambulisha atokapo na arudipo, na inayolipia kila kitu. Kwa amri moja ya kompyuta kadi hiyo huzuiwa isinunue pombe. Wakuu wa meli wanajua kuwa sehemu kubwa ya ugomvi hutoka katika chupa. Carnival hata kwa abiria aliyelipia vinywaji kwa jumla imeweka ukomo wa vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24. Msomaji wetu atastaajabu, na sisi tulistaajabu, kwamba kiasi hicho ndicho kinachoitwa ukomo. Kampuni inayouza kiasi hicho kwa mtu mmoja kisha ikaajiri walinzi wa kumkamata akilewa, imejitengenezea sehemu ya kazi yake yenyewe.

Hatua ya tatu ni kuzuiliwa chumbani. Mlinzi huwekwa mlangoni, chakula huletwa, na mtu hatoki mpaka ipatikane bandari. Na ikiwa amefanya ukatili, au akiachwa anaweza kumdhuru mtu au kujidhuru mwenyewe, kipo chumba cha mahabusu. Meli nyingi kubwa zinacho kimoja au zaidi, katika sitaha za chini, karibu na ofisi ya usalama. Ni chumba kidogo kisicho na dirisha la kutazamia bahari wala vitu vya kumwezesha mtu kujiumiza, na huwa chini ya ulinzi saa zote. Mtu hawekwi humo kutumikia kifungo. Huwekwa mpaka akabidhiwe kwa wenye mamlaka.

Hatua ya nne ni kushushwa, na mara nyingi hufuatana na ya tano, ambayo ni kupigwa marufuku ya maisha kusafiri na kampuni hiyo.

Gatini, na begi mkononi

Ukiwauliza watu adhabu ipi ni kali zaidi, wengi watataja mahabusu. Sisi tunaona kushushwa ndiko kukali zaidi, na mifano miwili ya mwaka 2019 inatosha kuonyesha kwa nini.

Mnamo Januari mwaka huo, meli ya Symphony of the Seas ikiwa bandarini Nassau, Bahamas, kijana mmoja wa Marekani aliruka kutoka sitaha ya 11 hadi baharini, kimo cha takriban mita 30, huku rafiki zake wakicheka na kumpiga picha za video. Alitoka hai, ingawa kwa siku kadhaa alitembea kwa tabu. Video ikaenea duniani. Kampuni ilimshusha yeye na rafiki zake, ikawapiga marufuku ya maisha, na wakabaki Nassau kujitafutia njia ya kurudi kwao. Rafiki hawakuruka. Walishangilia na kupiga picha, na hilo lilitosha.

Mnamo Oktoba, katika meli ya Allure of the Seas, mwanamke mmoja alipanda juu ya ukingo wa roshani ya chumba chake ili apigwe picha nzuri, bahari ikiwa chini yake na hana alichokishika. Abiria mwingine alimwona, akampiga picha na kuwapelekea wakuu wa meli taarifa. Meli ilipofika Falmouth, Jamaica, mwanamke huyo na mwenziwe walishushwa na kupigwa marufuku ya maisha. Hakuwa amemgusa mtu wala kumtukana. Lakini angeanguka, meli ingegeuzwa, boti za uokozi zingeshushwa baharini pamoja na mabaharia ndani yake, na maelfu ya watu wangesimamisha safari yao kwa ajili ya picha moja.

Aliyeshushwa husimama gatini na begi lake katika nchi ambayo hakuipanga. Huenda hana viza ya kukaa, huenda ndege inayofuata ni ya siku mbili mbele, na kila shilingi inatoka mfukoni mwake. Kwa familia inayotegemea mshahara mmoja, hilo laweza kuwa deni la mwaka mzima.

Hata kosa lisilo la ukorofi laweza kumfikisha mtu huko. Mwezi Machi 2024, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn, Wamarekani na Waaustralia, walitembea kisiwani São Tomé kwa ziara waliyojipangia wenyewe, wakachelewa kurudi zaidi ya saa moja. Walinzi wa pwani wa kisiwa hicho waliwapeleka kwa boti mpaka ubavuni mwa meli, nahodha akakataa kuwapandisha. Miongoni mwao alikuwamo mama mjamzito. Walisafiri hadi Banjul, Gambia, wakidhani wataikuta meli, lakini maji kupwa yaliizuia isiingie bandarini. Waliipata Dakar, Senegal. Watu waligawanyika juu ya jambo hilo: wapo waliosema nahodha amekosa huruma, na wapo waliosema saa ya meli ni ahadi kwa maelfu, haivunjwi kwa ajili ya wanane. Sisi tunaona pande zote mbili zina hoja. Lakini abiria ajue kuwa hoja ya pili ndiyo iliyoandikwa katika tiketi yake.

Siku walinzi waliposhindwa

Kutenga kuna faida kukifanywa mapema. Kukichelewa, huwa vita. Mnamo Februari 2018, meli ya Carnival Legend iliondoka Melbourne, Australia, kwa safari ya siku 10 katika visiwa vya Pasifiki. Ndani yake lilikuwamo kundi kubwa la watu wa ukoo mmoja. Kwa mujibu wa abiria wengine, ugomvi ulianza kwa maneno na vitisho, ukaendelea kwa siku kadhaa, mpaka usiku mmoja ukaripuka kuwa mapigano makubwa. Familia zilijifungia vyumbani. Video zilionyesha viti vikirushwa na watu wakiburuzwa sakafuni.

Meli ililazimika kuacha njia yake na kusimama karibu na mji mdogo wa Eden, katika jimbo la New South Wales. Polisi walipanda, wakawatoa wanaume sita na vijana watatu. Wengine 14 wa kundi hilo wakashuka kwa hiari yao. Jumla yao walikuwa 23. Kampuni iliwapa abiria waliobaki punguzo la asilimia 25 kwa safari ijayo, na wengi waliliona kama kejeli, kwa kuwa hawakuwa na hamu tena ya safari ijayo.

Jambo la pili katika tukio lile halikusemwa sana. Video zile zile zilionyesha walinzi wakiwapiga mateke watu waliokuwa wamekwisha kuanguka. Kampuni ilitangaza kuchunguza mwenendo wa walinzi wake. Hapo ndipo tunapouona ule mwanya tulioutaja mwanzoni: abiria aliyekosa alichunguzwa na polisi, na mlinzi aliyedaiwa kukosa alichunguzwa na mwajiri wake.

Sheria ya nani?

Tuje sasa kwenye mahakama. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989, meli iliyo katika bahari kuu iko chini ya mamlaka ya nchi ambayo bendera yake inapepea. Meli nyingi za watalii zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Basi Mwingereza akimwibia Mjerumani katikati ya Atlantiki, ndani ya meli inayoendeshwa na kampuni yenye ofisi Miami, sheria ya kwanza kutazamwa yaweza kuwa ya Bahamas, nchi ambayo huenda wote wawili hawajawahi kuikanyaga.

Meli ikiingia ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani ya nchi, hali hubadilika kidogo. Meli inayopita tu aghalabu huachwa na mambo yake ya ndani, ila kosa likiigusa nchi hiyo na amani yake, likihusu dawa za kulevya, au nahodha mwenyewe akiomba msaada. Ikiwa bandarini, imo katika maji ya ndani ya nchi, na polisi wa nchi hiyo wana mamlaka kamili. Hivyo mtalii anayempiga mwenziwe melini ikiwa imefunga gati Unguja au Mombasa hawezi kujificha nyuma ya bendera ya Panama.

Kwa makosa mazito yanayohatarisha safari yenyewe, upo mkataba uliotiwa saini Roma mwaka 1988, baada ya meli ya Achille Lauro kutekwa mwaka 1985. Mkataba huo unamruhusu nahodha kumkabidhi mtuhumiwa kwa wenye mamlaka wa nchi mwanachama nyingine anakofikia. Na sheria ya Marekani imenyosha mkono wake mbali zaidi: ikiwa safari inaanzia au kuishia Marekani, na mkosaji au aliyekosewa ni Mmarekani, mahakama za nchi hiyo zaweza kuisikiliza kesi hata kama tendo lilifanyika bahari kuu katika meli ya kigeni.

Kwa maandishi, basi, hakuna tone la bahari lisilo na sheria. Tatizo ni muda na ushahidi. Chumba kilichotendewa uovu usiku wa Jumanne huwa kimefagiliwa na kubadilishwa mashuka asubuhi ya Jumatano. Mashahidi ni watu wa mataifa kumi ambao wiki ijayo watakuwa wametawanyika. Na anayeshika kamera, daftari la matukio na ufunguo wa chumba ni kampuni, ambayo siku ya mwisho huenda ndiyo itakayoshitakiwa kwa uzembe.

Waliopigania mwanya uzibwe

Ukosefu huo haukurekebishwa na wenye meli kwa hiari yao. Uliwachosha wazazi na waume waliopotelewa au kudhulumiwa wapendwa wao melini, wakaambiwa waandike barua kwa idara ya huduma kwa wateja. Mwaka 2006 baadhi yao waliunda chama, International Cruise Victims, wakasimama mbele ya Bunge la Marekani kueleza yaliyowafika. Tunda la juhudi zao ni sheria ya usalama wa meli za abiria ya mwaka 2010, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwezi Julai.

Sheria hiyo inazihusu meli kubwa, zinazoweza kubeba abiria 250 au zaidi, zinazopakia au kushusha abiria Marekani. Inataka kingo za sitaha ziwe na kimo kisichopungua sentimita 107. Inataka mlango wa chumba uwe na kitundu cha kuchungulia, mtu ajue nani anabisha kabla hajafungua. Inataka meli iwe na mtu aliyefunzwa kuhifadhi ushahidi, na tabibu awezaye kumhudumia aliyedhulumiwa mwili wake. Inaamuru makosa makubwa yaarifiwe haraka kwa FBI: mauaji, utekaji, kupotea kwa raia wa Marekani, mashambulio ya mwili yenye majeraha makubwa, udhalilishaji wa kijinsia, na wizi unaozidi dola 10,000.

Pia inataka idadi ya makosa itangazwe kwa umma. Lakini mwanzoni zilichapishwa zile kesi tu ambazo FBI haikuwa ikizichunguza tena, hata orodha ikaonekana fupi kuliko hali yenyewe. Wahanga wakarudi tena bungeni, na kwa marekebisho ya mwaka 2014 zikaanza kuchapishwa tuhuma zote zilizoripotiwa, kampuni kwa kampuni.

Sheria hii haizifikii meli zote duniani. Hata hivyo imetufundisha kuwa mwenye nguvu ya kutenga lazima awajibike kwa mwingine. Kama sivyo, siku moja atamtenga aliyedhulumiwa na sauti yake.

Vijana wetu na saa saba usiku

Kwa wazazi, sehemu hii ndiyo ya kusoma mara mbili. Wazazi wengi wakishapanda meli hulegea, wakiona mtoto hawezi kupotea maana kumezungukwa na maji. Kijana wa miaka 15 huachwa na kadi yake, vyakula bila ya malipo, na korido ndefu za kuzurura usiku kucha na marafiki aliowajua jana.

Kampuni zimejifunza kwa uchungu kuwa vijana wasio na mlezi usiku wanaweza kudhuru na kudhuriwa. Carnival imeamuru kuwa mwenye umri wa miaka 17 au chini yake asionekane katika maeneo ya wazi baada ya saa saba usiku, ila awe na mtu mzima wa kundi lake. Katika safari zinazoanzia Marekani kampuni nyingi hazimuuzii pombe aliye chini ya miaka 21, na mtu mzima anayemnunulia kijana huhesabiwa mkosaji. Bangi hairuhusiwi hata kama abiria anatoka katika jimbo linaloihalalisha, na mbwa wa kunusa husimama bandarini.

Zaidi ya yote, mzazi hubeba mwenendo wa mwanawe. Meli haiwezi kumwacha mtoto peke yake gatini. Kijana akistahili kushushwa, hushuka na mlezi wake, na safari iliyowekewa akiba ya miaka miwili huishia hapo.

Tunavyoshauri

Mwenye nia ya kusafiri auombe mkataba kwa wakala kabla ya kulipa, na avisome vifungu vya mwenendo na vya kushushwa. Awakalishe watoto nyumbani awaeleze kwa upole: roshani si mahali pa kupanda, kadi si ya kumwazima rafiki, saa ya kurudi chumbani ni hii.

Akiudhiwa na jirani, asiende kugonga mlango mwenyewe. Apige simu kwa walinzi, maana anayeanza kugonga milango usiku huandikwa katika daftari lile lile pamoja na mgomvi. Akidhulumiwa kwa kosa zito, aripoti hapo hapo, kwa maandishi, na abaki na nakala. Asioge wala asifue nguo wala asisafishe chumba kabla ya tabibu na mhifadhi ushahidi kufika. Apige picha, aandike majina ya mashahidi na namba zao. Asitosheke na ofisi ya meli. Awapigie ubalozi wa nchi yake, na polisi wa bandari inayofuata, na nyumbani.

Na akituhumiwa yeye, asibishane koridoni. Aombe tuhuma iandikwe, aombe kamera zitazamwe na picha zake zihifadhiwe, na maelezo yake yaingizwe katika daftari. Nahodha atafanya uamuzi wake wa haraka kwa ajili ya amani ya chombo, na pengine atakosea. Maandishi hayo ndiyo yatakayosema kwa niaba yake baadaye, mbele ya watu wenye muda wa kusikiliza.

Tulirudi kwa mzee wetu na majibu haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaridhika na habari za kadi na za gati la Falmouth, akacheka kidogo juu ya vinywaji 15. Kisha akatuuliza: "Na akikosa nahodha mwenyewe, au baharia wake, nani humshusha?" Tulimwambia kuwa sheria ni ile ile ya bendera na ya bandari, ila anayepaswa kupeleka mashitaka ni yule yule anayelindwa nayo. "Basi," akasema, "waambie watu wako wasiache kuandika." Tumeyaandika hapa kama alivyotuagiza.